Maua Niliyompelekea Shangazi Yake Salome

Maduhu, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka kwanza, halafu usome.

Nimefika Ushirombo kujitambulisha ukweni, kwa shangazi yake mchumba wangu Salome, mkono mtupu. Nyuma ya nyumba nikaona uzio wa alizeti mwitu, njano tupu. Nikachuma fungu, mashina nikakata kwa meno. Machungu kama kwinini, na vinyweleo vikabaki ulimini!

Shangazi akayaweka karibu na maziwa mgando. Wadudu wakatoka, wakaanza kuogelea!

"Umeyachuma wapi, baba?"
"Kwenye uzio hapo nyuma."
"Huo ni uzio wa choo."

Wa choo, Maduhu! Na mimi nimekata kwa meno! Bado natema mate.

Nikajitetea eti kila ua ni vijiua mamia vimebanana, kwa hiyo nimeleta bustani nzima.

Akanijibu: "Mkwe anayechuma zawadi chooni kwangu, chakula cha harusi atakichota wapi?"