Mito Mitano ya Marehemu Husni

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Kaka yangu Jaafar amehamia kwangu hapa Mkomani. Ini lake ni bovu mwaka wa sita sasa. Homa ya ini, si pombe — ataka niandike hivyo hata humu daftarini! Pumzi fupi. Nimemwegemeza kwa mito minne niliyomshonea marehemu mume wangu, Husni, aliyekuwa hapumui ila ameketi. Ule wa kijani bado una harufu ya mafuta yake. Nimeunusa kwanza, ndipo nikampa.

Jumanne, 6 Agosti
Midomo ya Jaafar imekuwa buluu. Nimeongeza mto wa tano. Akazidi!
Nesi Valary amekuja, akambana kidole kwa kipimo cha oksijeni. Ameketi: 83. Amelala chali: 93! Akauliza nani kajenga mnara huu wa mito. Nikatazama boriti.
Asema ini bovu hupanua mishipa ya mapafu. Mtu akiketi, damu hupita sehemu ya chini ya mapafu bila kupata hewa ya kutosha. Basi huyu alale. Kinyume na Husni wangu.
Jaafar kasema nilimwita mvivu tangu utotoni, leo uvivu umekuwa dawa.

Alhamisi, 8 Agosti
Kesho Bwana Abdulqadir wa Shela analeta posa ya mwanawe kwa Israa, binti ya Jaafar. Jaafar ataka kuketi. Apokee posa chali, kama papa wa kuanikwa? Nti nzima, mji wote, itacheka! Nikamwambia nti nzima itakuja na mazishini. Israa asema heri asiolewe kuliko babake aketi.
Nimeificha mito. Wa kijani nalala nao.

Ijumaa, 9 Agosti
Wameingia! Naandika nyuma ya pazia, Israa kaniegemea. Jaafar kainuka bila mto, kashika ukuta. Kipimo alichotuachia Valary ki kidoleni: 85. Bwana Abdulqadir kamsihi alale. Hataki — mgeni akae, mwenyeji alale?
Basi mgeni kavua kofia, akajilaza mkekani kando ya godoro! Eti, haya Bwana Jaafar, sasa tu sawa. Jaafar kacheka, akalala. Wazee wawili wazungumza na boriti. 93.
Posa imesemwa. Limebaki jibu, na jibu ni kupeana mikono. Jaafar asema mkono wa mwanangu siutoi chali. Anajisukuma juu. 90.
Bwana Abdulqadir hainuki. Kanyoosha mkono hewani vivyo hivyo chali, angoja wa Jaafar.
88. Israa anifinya. Mkono wa Jaafar ungali sakafuni, wamsukuma juu —