Wifi na Boti ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Leo mfugaji kaja na lori kuchukua boti ya kaka. Kaja na kamba, msumeno na wabebaji wawili. Anataka kuikata katikati: nusu iwe hori la kunyweshea ng'ombe, nusu ya pili ataona mwenyewe. Kaka alishakubali kwa simu. Hakuuliza hata ni lini!

Boti iko uani tangu mwaka jana, imelala ubavu chini ya turubai, kati ya kamba ya nguo na dirisha la chumba changu. Kila nikikaa kwenye cherehani naiona. Ni ile ile waliyokuwa nayo kaka na mwenzake siku ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, ulipoachia wakiwa mbali majini. Mashine ikapinduka, maji yakaingia kama yamekaribishwa. Wote wawili walielea wameshikilia boti hiyo hiyo mpaka wakaokotwa. Tangu hapo kaka hataki kuiona. Bafu liko upande ule wa ua, basi yeye huzunguka nyumba nzima ili asipite karibu nayo.

Sasa wifi, mke wa kaka, alikuwa anaanika mashuka. Akatua beseni. Akamuuliza mfugaji, umeambiwa hii ni ya nani? Ya mumeo. Wifi akasema, sawa, mume wangu ana nusu, na nusu yangu ndiyo hiyo unayotaka kukata. Ng'ombe wako wanywe kwenye ndoo.

Lori likaondoka tupu.

Jioni kaka karudi kutoka ghalani (siku hizi analinda ghala la chakula cha kuku) akaambiwa. Hakugomba. Kala, kanawa, kalala. Afadhali angegomba. Zamani huyu mtu ukimficha kijiko tu mtaa mzima unajua!

Jumanne, 4 Machi

Wifi amevaa suruali!

Kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye karakana ya matangi ya maji, yale ya faiba. Nilijua, lakini nilijua kama unavyojua kwamba fulani aliwahi kuimba kwaya. Leo nimejua maana yake.

Kaazima grenda, kafunga kitambaa puani, kakata sakafu ya boti yote. Vumbi jeupe limeingia mpaka kwenye mapazia ninayomshonea mteja. Chini ya sakafu kuna mihimili miwili mirefu, mbao zilizovikwa faiba, ndiyo inayoishika boti isijikunje. Kwa juu safi kabisa, utasema ya jana. Kachoma bisibisi. Imezama mpaka mpinini! Akaanza kuchota ubao kwa vidole, laini, kama uji mzito. Maji meusi yakatoka, na harufu — Mungu wangu.

Nilidhani atalia. Kacheka. "Wifi, njoo unuse! Maskini, alikuwa anatembea bila mifupa!"

Nimekwenda. Nimenusa. Sitarudia.

Ijumaa, 7 Machi

Ubao wa nyuma nao hivyo hivyo. Plaiwudi ndani imekuwa kama mkate uliolowa chai. Kumbe maji yalikuwa yanaingia miaka na miaka kupitia matundu ya boliti za mashine, kidogo kidogo, na rangi juu inang'aa.

Wifi kakomba kila kilichooza. Boti sasa ni ganda tu. Ukiibonyeza ubavuni inacheza kama bati.

Jirani kachungulia juu ya ukuta. Kasema angalau ingenywesha ng'ombe. Wifi kamjibu bila kuinua kichwa kwamba hajachelewa, kama ana kiu aje na yeye.

Nacheka peke yangu naandika!

Jumatano, 12 Machi

Inakauka. Wifi anaifunika usiku na kuifunua asubuhi kama mtoto mwenye surua. Hakuna kazi nyingine. Anasema faiba ukiibandika juu ya unyevu unajidanganya.

Kaka leo kauliza chakula kiko wapi. Ndiyo maneno yake yote.

Jumamosi, 15 Machi

Mikono inanata. Kalamu inanata. Nina furaha!

Wifi kaniita na mkasi wangu mkubwa. Kitambaa cha faiba kinakuja kwenye robota kama kitenge, ila kinawasha kama upupu. Nikakata vipande alivyonionyesha, kila kimoja kirefu kidogo kuliko chenzake, ili vipandane kwa ngazi. Kasema hajawahi kuona mtu anakata moja kwa moja namna ile. Nimejisikia kama nimepewa cheti.

Mihimili mipya iko ndani, mbao kavu, kila kona imelainishwa iwe mviringo ili kitambaa kisivunjike. Anachanganya resini, ile gundi ya faiba, na dawa ya kugandisha kwenye ndoo, anapaka kwa brashi, analaza kitambaa, anakibembeleza kwa rola ya chuma mpaka weupe unapotea na unaona ubao ndani yake kama unauangalia kwenye glasi ya maji. Na mkono haukimbii. Jua limepanda, resini inataka kuganda, mimi roho iko juu, yeye anakwenda mwendo wake ule ule.

Ndoo moja ilimshinda. Tulikuwa tunabishana habari ya shuka langu lililopotea, mara ndoo ikaanza kufuka moshi! Imejichemsha yenyewe! Kaidaka kwa mpini, kaitupa kwenye mchanga. Ikapasuka ta! Tukatazamana. "Shuka lako hilo limetuponza," kasema.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekasirika, acha niandike.

Jana jioni kamaliza kubandika ubao mpya wa nyuma. Nimeuona mimi mwenyewe. Mzuri! Leo asubuhi kaja kuukagua kwenye mwanga, kakuta pembeni kuna mapovu ya hewa, eneo la kama sahani. Sahani! Kawasha grenda, kang'oa upande mzima.

Nikamwambia hapo panapakwa rangi, wifi, nani atapaona? Kasema, "Mimi nimeshapaona."

Kisha kasema tena, taratibu, kwamba atakayekaa mbele ya ubao huu ni baba wa watoto wake.

Nikachukua mkasi. Tumeanza upya. Hasira imeniisha saa ngapi sijui. Nadhani sijawahi kumpenda mtu aliyeolewa kwetu namna hii, na sitamwambia, atanitania mpaka kufa.

Jumapili, 23 Machi

Siku kubwa. Niandike yote kabla sijasahau lolote.

Asubuhi wifi alitaka kuujaribu ubao wa nyuma. Faiba imeshakomaa, ngumu kama kigae. Kachukua nyundo ya mbao, kapiga. Pu! Kapiga tena. Pu!

Mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo. Kaka. Miguu mitupu, shati halijafungwa, anakimbia — anakuja upande wetu! Upande ambao haupiti! "Acha! Acha, usipige hivyo!"

Wifi akashusha nyundo. Kaka kasimama pale anahema, anaiangalia boti. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona haina sakafu ya zamani. Nikataka kwenda kumshika mkono, wifi kanikonyeza nitulie.

Halafu kaka akaongea. Ametuambia kilichomtisha siku ile hakikuwa maji. Maji ameyazoea, kazaliwa kando yake. Ulikuwa mlio. Alikuwa ameshika usukani wa mashine, akasikia nyuma yake kitu kinatoa sauti kama mtu anachana kitambaa kinene, polepole. Aliusikia tangu asubuhi. Akajiambia ni boliti. Akaendelea. Sasa akisikia mlango unalia, au mimi nikichana kitambaa chumbani kwangu, anatoka jasho.

Mimi! Mwaka mzima nachana vitambaa dirishani! Nimeona aibu, lakini ningejuaje?

"Kwa nini hukuniambia?" wifi kamuuliza.

"Ningekuambia nini? Kwamba naogopa pazia?"

Hakuna aliyecheka. Kisha yeye mwenyewe kacheka kidogo, na sisi tukafuata, na wifi akawa anafuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vina resini.

Akampa bisibisi, kashika upande wa chuma, mpini kwa kaka. Kamwambia, faiba nzuri ukiigonga inaitika kwa ukali, mbaya inaitika kwa uzito. "Sikio lako lilisikia siku ile kabla ya mtu yeyote. Basi igonge yote. Ukisikia pasipokuridhisha, niambie."

Kaka kaanza kugonga. Ko, ko, ko. Kapiga magoti, kainamisha kichwa mpaka sikio linakaribia kugusa. Mhimili wa kushoto. Mhimili wa kulia. Kila kona. Chai imepoa. Mimi nimesimama na kikombe chake kama mjinga, siwezi kuondoka. Mwaka mzima sijamwona kaka anafanya kitu kwa moyo wote namna ile.

Kafika mhimili wa kulia karibu na omo, pale mbele unapoanza kupanda. Kagonga. Karudia. Kagonga pembeni. Karudi.

"Hapa."

Wifi kasema hapana, pale pako sawa, pale alibandika mwenyewe akiwa na nguvu za asubuhi. Kaka kasema hapa. Wifi kasema baba watoto, mimi nimefanya kazi hii kabla hujanijua.  Kaka kagonga tena tu. Ko. Ko. Du.

Hata mimi nimesikia!

Wifi kanuna. Kawasha grenda kanuna vile vile. Kafungua. Kitambaa kilikuwa hakijashika ubao, upenyo mwembamba wa kupitisha wembe. Kautazama muda mrefu. Kisha kamgeukia kaka, na jinsi alivyomtazama nikaona bora niondoke nikaangalie sufuria ambayo sikuwa nimeiweka motoni.

Jumanne, 25 Machi

Kaka kapita njia fupi kwenda bafuni. Kaenda, karudi.

Alhamisi, 3 Aprili

Sakafu mpya imefunikwa. Ndani imepakwa kijivu, nje nyeupe. Wifi kachora mstari mmoja wa buluu ubavuni kwa mkono, bila rula, bila utepe. Niliposifu kasema ni kwa sababu utepe umeisha. Muongo! Utepe uko kwenye droo yangu.

Fundi wa mashine kaja. Tunamwita Haraka kwa sababu hajawahi kuwahi. Mashine ameitengeneza vizuri lakini, siwezi kumnyima sifa. Wameifunga kwenye ubao mpya. Kila tundu la boliti wifi kalitoboa kubwa, kalijaza resini, kisha katoboa tena katikati yake, maji yasipate mlango. Haraka kainamia pale kwa muda, kasema yeye amefunga mashine maisha yake yote na hii ni mara ya kwanza anaona mtu anafikiria habari ya tundu. Kisha kaka, huyu mwenye uzito wake, kapanda juu ya mashine, karuka karuka. Hakuna mlio. Hata wa kusingizia.

Lakini wifi alipomuuliza, Jumapili tukiishusha majini utakuwa usukanini, kaka kasema atakuwepo.

Atakuwepo. Siyo jibu la swali. Wifi hakumsukuma.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika ufukweni, nimekaa juu ya debe, daftari magotini. Nimeshindwa kungoja.

Boti imebebwa na watu wa mtaa, imepita kwenye geti kwa upana wa kidole. Jirani naye kabeba! Katika njia nzima kila anayeuliza nani kaitengeneza, kaka ndiye anajibu. Mke wangu. Kwa sauti yake ile ya zamani. Wifi anaangalia chini kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Wameishusha. Inaelea! Imekaa sawa, haijainamia upande wowote. Wifi kaingia, kafungua kifuniko cha sakafu, kapitisha mkono chini, kautoa, kautuonyesha. Mkavu.

Haraka yuko nyuma kwenye mashine. Wifi yuko katikati. Kaka hakupanda. Kasema atabaki nchi kavu ashike kamba, mtu lazima ashike kamba. Wifi kasema sawa, shika.  Ningekuwa mimi ningeongea mpaka jioni.

Mashine imewaka. Sauti nzuri, nzito, haikohoi. Wanakwenda mbele kidogo, wanarudi. Kila mashine ikipandishwa moto kaka anafumba macho, anasikiliza.

Sasa kamba imekaza. Wifi anapiga kelele, "Achia! Twende tukazunguke, achia!"

Haachii. Anaifuata. Maji yako magotini. Suruali yake ya Jumapili! Yako mapajani. Haraka amepunguza mashine, hajui afanye nini.  Wifi amesimama, amejishika tu kwenye ukingo na anasogea pembeni, anasogea, anaacha nafasi ya mtu mmoja.

Kaka amesimama, maji kiunoni. Amegeuka. Ananitafuta mimi. Ananyoosha mkono wenye kamba kwangu, "Dada, njoo! Njoo ushike wewe, mimi napanda —"

Naenda, naenda