Jina Langu Halimo Kwenye Bendera Ile

Kunihiko,

Nani alikutuma uniombee msamaha? Mdomo ninao, na meno yangu mengi bado yamo. Bi Sekine wa dukani ameniambia kwamba ulimpigia simu Mwalimu Obara, ukamwomba radhi kwa niaba yangu, kisha ukampelekea boksi la keki za maharage kutoka huko Sendai, na kikaratasi juu yake kwamba mama amezeeka, hajui asemalo. Nakujua wewe, hata kwenye simu ulikuwa umeinama. Keki zenyewe wamezilia kwenye ukumbi wa mtaa, na mimi nikaletewa kipande. Nimekila. Sukari imezidi.

Haya, salamu. U mzima? Mkeo tumbo limetulia? Mimi sijambo, magoti ndiyo yananiambia mvua inakuja kabla ya redio. Joto la huku halisemeki, nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri, mpunga umeanza kutoa masuke, na matango yamezaa mpaka nawagawia hata watu nisiowapenda. Kaburi la baba yako nimeling'olea majani. Ukikuta nimekosea kuandika usinisahihishe. Mimi niliishia darasa la sita, wewe ndiye niliyekupeleka chuo kikuu, ukajifunza kuinama.

Sasa sikiliza mambo yalivyokuwa, maana wewe umeyapata kwa Obara peke yake, na Obara husimulia kana kwamba bado ni mwalimu mkuu na sisi sote tumechelewa shule.

Jumapili tuliitwa ukumbini kuandika bendera ya kumpeleka mwanao Chiharu kwenye mashindano ya judo ya Asia. Bendera yenyewe kubwa, imetandazwa juu ya meza tatu, nyeupe pee, na lile jua jekundu katikati. Kila mtu aandike jina lake na neno la kumtia mtoto nguvu, maneno yalizunguke jua. Obara kasimama na kalamu nene mkononi kama bwana harusi, anatoa amri. Kofia vueni. Kitambaa kisiguse sakafu. Wino usiguse jua, kwa sababu televisheni itaonyesha na Asia nzima itatucheka. Mjukuu wa Bi Sekine, kale kenye miaka minne, kalamu ikamteleza, wino ukaingia kwenye wekundu kama upana wa unywele. Mwalimu Obara alimfokea mpaka mtoto akajikojolea. Kuidharau bendera, alisema. Mtoto wa miaka minne!

Basi watu wakaandika. Fundi wa gereji akaandika "Wavunje mifupa." Bi Sekine akaandika "Mji mzima uko mgongoni kwako." Obara akaandika kubwa kuliko wote, "Usirudi bila dhahabu." Halafu wakaniita mimi. Nafasi yangu wameiacha chini ya jua kabisa, mahali pa heshima, kwa kuwa mimi ndiye bibi yake.

Nikasema siandiki.

Wakacheka, wakidhani naona haya kwa mwandiko wangu. Obara akalainisha sauti, akasema njoo mama, nitakushika mkono tuandike wote. Nikamwambia mkono huu ulikuwa ukipanda mpunga wakati yeye anabebwa mgongoni, hauhitaji kushikwa. Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye, na hapo ndipo alipobadilika. Akasema mbele ya watu wote kwamba anayekataa kuandika kwenye bendera ya taifa siku ya kumuaga mchezaji anaidharau bendera yenyewe, na watu wa namna hiyo wanajulikana.

Kunihiko, hapo nilichemka. Mimi niidharau bendera? Wimbo wa taifa ukipigwa kwenye televisheni nasimama, peke yangu jikoni, supu ikipoa. Sikukuu zote naitundika mlangoni na naiingiza ndani kabla jua halijatua, haijaonja tone la mvua. Nikamwambia Obara, ninyi mmeichorachora bendera kama ukuta wa choo cha stesheni, halafu mimi ndiye nisiye na adabu? Nikamwambia, jua lisiguswe na wino, sawa, nimekuelewa mwalimu. Lakini mtoto wa watu apakiwe mji mzima mgongoni, hilo adabu inaruhusu? Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Matusi mengine unayosikia sikuyatukana, ila la "bata mzee" nililisema na silirudishi.

Najua utasema mama, si maneno ya kutia moyo tu? Basi nikuambie jambo ambalo sijapata kukuambia, maana kila ulipouliza habari za babu yako nilikuwa nakutuma ukachote maji.

Baba yangu alipoitwa vitani nilikuwa na miaka sita. Mama alichukua bendera kama ile, ndogo kidogo, akaizungusha nyumba kwa nyumba watu waandike majina. Mimi nilikuwa nashika pembe. Watu wakaandika ushindi, ujasiri, nenda ukapigane. Wakati huo baba alikuwa anakohoa damu. Si siri, kijiji kizima kilikuwa kinamsikia usiku, ukuta wa mbao unaficha nini? Mama akamsihi aende kwa daktari wa jeshi akaseme. Nilikuwa nimejilaza mkekani nikijifanya nimelala. Baba akamwambia, nitasemaje naumwa, na wote wameshaandika? Akajifunga ile bendera tumboni, akaenda. Alifia melini. Adui hata hakumwona. Waliokuja kutupa pole ni wale wale walioandika, na mama akawapa chai.

Ndiyo maana jina langu halimo. Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Chiharu hayuko kambini kwenye mazoezi ya judo kama mnavyodhani. Yuko hapa kwangu tangu Jumatano, amelala chumba cha nyuma, mguu umeinuliwa juu ya mito miwili. Goti lake la kulia limekwisha. Limeharibika tangu mwezi wa tano, mtoto anafunga bandeji na kumeza vidonge, kocha hajui. Alimwendea kisirisiri daktari mmoja wa mjini, naye daktari akamwambia akipigana sasa huenda asitembee sawasawa tena. Ana miaka ishirini na mbili. Alipofika hapa alipanda ngazi za mlangoni kwa makalio, kinyumenyume, kama alivyokuwa mdogo. Kambini ameomba ruhusa kwa kusema bibi yake mahututi, kwa hiyo mimi ni mgonjwa rasmi. Ukiniona natembea usishangae. Na ile siku uliyopiga simu nikakuambia sauti unayosikia ni ya redio, alikuwa ni yeye analia.

Nilimuuliza, kwa nini humwambii baba yako? Akasema, "Bibi, baba ameshachukua likizo, ameshanunua fulana za mji mzima. Na bendera wameshaandika. Nitasemaje naumwa?"

Maneno yale yale, Kunihiko. Hakuna aliyemfundisha.

Basi bendera mnayoitafuta ninayo mimi. Wasimsingizie mtoto wa gereji. Alhamisi wanaume walipokuwa wanabishana ukumbini nani atakaa dirishani kwenye basi la kwenda kushangilia, niliingia na kigari changu cha sokoni nikatoka nayo chini ya matango. Nimeikunja ipasavyo, jua likiwa ndani, haijagusa sakafu, Obara aje aikague akitaka. Nilimwonyesha Chiharu nikamwambia, hii hapa, haiendi popote, sasa sema mjukuu wangu unachotaka. Akasema anataka kulala. Alilala kwa muda wa saa kumi na nne. Jana akala wali bakuli tatu, na figili za chumvi akamaliza zote.

Wakiniita mwizi nitakwenda kituo cha polisi kwa miguu yangu na kigari changu. Wakisema sina heshima kwa taifa, waje waniambie nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Siombi radhi, na wewe huniombei.

Msalimie mkeo, mwambie anywe maji ya uvuguvugu. Majirani zako wale wenye mbwa nao wasalimie. Chiharu hajui kama nakuandikia, amekatazwa kuinuka ila kwenda chooni.

Ukimaliza kusoma, piga simu kambini useme Chiharu hachezi. Useme wewe baba yake, si yeye, wala usiseme samahani zaidi ya mara moja. Kisha panda treni ya Jumamosi asubuhi uje umbebe mgongoni kutoka mlangoni mpaka kwenye teksi, umpeleke hospitali. Mimi siwezi kumbeba. Wewe unaweza.

Mama yako,
Tomeyo