Kiwanja cha Mkuyuni

Mafiga, Morogoro

Mpwa wangu Mikidadi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mimi mzima, na bila mimi mji huu ungeshasimama. Hata wakubwa wa wilaya wakikwama huja kuniuliza.

Huku watoto wote wamekuwa wewe. Juzi Jesca, binti wa fundi cherehani, aliruka ngazi za soko na skeitibodi, ule ubao wako wa magurudumu, akavunjika meno mawili. Akacheka na damu mdomoni, "Mikidadi naye alianza hivi!" Nikamwambia nilikufundisha mimi.

Sasa hilo la goti. Umeteleza miaka tisa kwenye mashindano ya nchi za watu, leo goti limevunjika, wafadhili wamekutupa hapo Dar, na unaomba kiwanja cha ukoo kule Mkuyuni urudi ujenge. Mama yako alilia mbele yangu.

"Kaka, mwanangu aje, hata kwa kutambaa."

"Atambae hukohuko Dar," nikamjibu.

Kwetu Waluguru ardhi ya ukoo hugawiwa na mjomba, na mjomba ni mimi. Nimekataa. Usije hata Idi. Kiwanja nimeshapanda migomba.

Mama yako anasema nina roho mbaya. Nakwambia wewe tu: nimekaa mtaa huu maisha yangu yote, hakuna aliyenijua kwa jina. Tangu uonekane kwenye runinga naitwa mjomba wake Mikidadi, na kijiweni wananipisha kiti. Wakikuona unachechemea sokoni, nitarudi kuwa yule jamaa wa nyumba ya kona.

Ni mimi,
Kondo