Hajati Mwanawetu na Pazia Lililochelewa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Kampala, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi.
Jina: Mwanawetu Maftah. Umri: miaka 61. Kazi: fundi cherehani, soko la Owino. Makazi: Kisugu.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia mmemweka ndani Swaibu, mvuta pazia wa ukumbi wetu wa michezo, kwa kuwa hakufunga pazia Bonny Okot alipoanguka. Swaibu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Mnamo Jumapili tarehe 15 Juni, saa tisa alasiri, nilikuwa nyuma ya jukwaa nikimvalisha Bonny. Alikuwa polisi mstaafu wa Naguru. Kwa miaka kumi na tisa ameigiza sajini mzee katika mchezo wetu wa nyimbo, "Kofia ya Sajini", na mimi ndiye namshonea. Aliniambia, "Hajati, hii koti inanibana kifua." Nikamjibu, "Si koti, ni matoke ya Florence." Florence ni mkewe. Tulicheka wote.

Saa kumi mchezo ulianza. Nilikaa kiti changu cha mbele. Pale Swaibu anaposimama haoni jukwaa vizuri, kwa hiyo hunitazama mimi: nikiinua kitambaa cheupe, anafunga. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka, hata waigizaji wanajua.

Mwishoni sajini huimba wimbo wa kuaga, beti tatu, na huanguka ubeti wa tatu ukiisha. Ukumbi mzima huimba naye. Marehemu mume wangu aliupenda sana ubeti ule wa tatu, na mimi, niseme kweli, huwa nakwenda kwa ajili ya huo tu.

Saa kumi na moja na dakika arobaini Bonny alianguka katika ubeti wa kwanza. Watu walidhani mchezo umebadilishwa, wakaendelea kuimba, wengine wanalia. Swaibu alitoa kichwa akaniuliza, "Hajati, nafunga?" Nilimwambia, "Bado, acha waimbe." Kitambaa kilikuwa mapajani mwangu. Nilidhani Bonny amechoka kusimama, nikamkasirikia kwa kuniharibia wimbo. Sikuona kama alisogea.

Tuliimba beti zote, yeye amelala pale. Kama dakika sita. Ndipo nikainua kitambaa. Watu walipiga makofi wamesimama, na mimi nilipiga. Pazia lilipofunguliwa tena, wenzake waliinama kushukuru. Yeye hakuinuka.

Alikata roho njiani kwenda hospitali. Jana Florence alinirudishia koti, amelifua na kulipiga pasi, akasema, "Asante kwa kumshonea, Hajati." Naona aibu hata kusali karibu na watu.

Naomba Swaibu arudi kwake. Nimeyasema niliyoyatenda, bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi: Mwanawetu Maftah

Maandishi ya ofisa: Kitambaa kimoja cheupe kimepokelewa kama kielelezo. Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili. Ameyakubali yote isipokuwa sentensi moja, "Sikuona kama alisogea", ambayo ameomba ifutwe. Amesema marehemu aliinua mkono mara mbili akielekeza kwenye kitambaa mapajani mwa shahidi, na shahidi alimwona.

Koplo Joska Akot