Doto wa Makofi

Kwa pacha wangu Doto,

Habari za huko nyumbani Pasiansi? Mimi mzima, ni baridi tu ya huku Polandi inanitafuna. Wewe hali yako sikuulizi tena kwa simu, maana kwenye simu unajifanya dume zima, unacheka, kumbe una uvimbe tumboni na mwezi ujao unapasuliwa. Mpaka niambiwe na shemeji! Mnafiki mkubwa wewe.

Nikueleze upuuzi wangu wa Jumamosi. Hapa hotelini ninapofua mashuka kuna watu wazima, wana ndevu zao kabisa, wanakutana nyumbani kwa Marek, mpishi wetu, kucheza mchezo wa mezani. Usidhani ni bao wala karata. Marek anasimulia hadithi ya majitu na majumba ya mawe, na kila mmoja ana mtu wake humo ndani anayemsemea: "Napiga," "Nakimbia." Kisha anarusha dadu kujua kama amefaulu. Ndiyo starehe yao hiyo. Nilikuwa nakwenda kwa sababu mji huu haukuwa na nyumba nyingine iliyonifungulia mlango.

Wenzangu wote walikuwa na mashujaa wenye mapanga marefu na majina ambayo wao wenyewe wanayatamka kwa shida. Mimi Marek alishaniandalia wangu: mkuki, ngozi ya simba, miguu peku. Nikamwambia kwetu simba tunamtazama kwa kulipa kiingilio, kama wao. Nikatengeneza mtu wangu, nikamwita Doto. Kitambi, kandambili, mikono mitupu. Ngumi hapigi, anazaba makofi. Na kabla ya kupigana anavua shati, analikunja vizuri, anatafuta wa kumshikia, kama ulivyofanya pale stendi ya Usagara mpiga debe alipomtukana Mama.

Walicheka sana. Hana silaha? Hana uchawi? Nikawaambia subirini. Jitu la kwanza Doto akalizaba, likakaa chini. La pili akalisema mpaka likaona aibu, likaondoka. Wenye mapanga walikuwa nyuma wakigombania nani atangulie. Waoga watupu.

Jumamosi iliyopita tukafika kwenye daraja, jeshi linatufukuza. Marek akasema mmoja wetu abaki kulizuia ili wengine wavuke, na atakayebaki atakufa. Wote wakanigeukia mimi. Ola, dada wa mapokezi, akasema kwa upole wake ule wa kuwapokea wageni:

"Doto ndiye anafaa. Atakufa kishujaa."

"Hafi."

"Kulwa, ni mchezo tu. Utatengeneza mwingine."

Utatengeneza mwingine! Kama vile pacha ni chapati. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, ukajilaza kama maiti, nikakufunika kanga na kukulilia? Mama alituchapa wote wawili, wewe kwa kufa na mimi kwa kulia. Unanijua, mambo ya mikosi siyaamini. Lakini Marek alipoichukua ile dadu niliinuka kitini. Nikamkamata mkono.

"Doto anarudi kwao Pasiansi," nikasema. "Daraja lizuieni wenyewe, mapanga mnayo."

Marek akasema nimewaharibia hadithi ya miezi mingi, na kama ndivyo basi nisirudi tena kwake. Nikavaa koti nikatoka. Njia nzima niliwatukana kwa Kisukuma, na hakuna aliyenisikia. Tangu hapo Ola ananipita bila salamu. Watu wazima na akili zao wananinunia kwa ajili ya daraja ambalo halipo!

Mwambie Mama namwamkia, ila habari za daraja asisikie kabisa. Shemeji, mkeo, namshukuru kwa kunipa ukweli ulionificha. Mjomba wa Mkuyuni, muuza mitumba, nisalimie sana, na ajue yale makoti anayoyasifia huku hayazuii hata upepo.

Doto, naogopa. Leo ni Jumamosi na nimekaa peke yangu chumbani nikitazama ukuta, kwa sababu nilikataa ufe hata kwa maneno. Ukienda kunifia kweli juu ya kitanda cha hospitali, mpumbavu wewe, sitakusamehe. Pona.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa, na wewe usinitangulie kwingine,

Kulwa