Mpapai wa Marehemu

Jumapili. Mvua imekatika saa nne asubuhi, udongo wa Temeke unanukia.

Mie nimezaliwa na mkono wa bahati. Nikichomeka hata fimbo, inatoa majani. Mombasa nimefika, Unguja nimefika, darasa la nne niliacha kwa hiari ya mwalimu, lakini kwenye kupanda hakuna wa kunifundisha. Muulizeni jirani yangu Bi Zuhura, mjane wa watu: mpapai niliompandia uani umeivisha tunda la kwanza.

Leo ameniita tulile pamoja.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, baba. Kaa kitako. Hili haliliwi kwa kusimama."

Akakata, akaonja, akafumba macho. Kisha akacheka peke yake. "Ndilo hilihili! Haya marehemu, karibu tena nyumbani."

Mie nikakirudisha kipande changu sahanini.

Mwaka jana mpapai alioupanda mumewe uliangushwa na upepo. Akaniletea mbegu za tunda la mwisho kwenye kipande cha jani la mgomba, bado zinanata, akaniusia: "Zisugue na majivu mpaka utelezi uishe, uzianike kivulini. Sina nyingine."

"Bi mkubwa, majivu ya kazi gani? Mkono huu unatosha!"

Nikazitia mbichi kwenye kopo la sigara, nikafunika, nikaenda zangu Kurasini kupakua meli. Wiki mbili sikuzikumbuka. Kufungua, ukungu mtupu na harufu. Nikazifukia hivyohivyo. Haikuota hata moja.

Alipouliza, mdomo wangu ukanitangulia: "Zimechipua, tena kwa fujo!" Basi nikang'oa mche uliojiotea nyuma ya choo cha wapagazi, nikampandia kwa bismillahi kubwa. Mwaka mzima nimeumwagilia kila jioni. Mtaa mzima wanasema nina moyo. Ilikuwa hofu.

Laiti yangeishia kwenye kula. Akakusanya mbegu zote kwenye bakuli, akazimwagia majivu.

"Wanangu wanakuja Jumatano. Kila binti apate mpapai wa baba yake." Akanisogezea bakuli. "Nisaidie, wewe mwenye mkono."

Nikasugua. Naandika haya vidole bado vinanata.

Hivi nitaanzaje? Nimwambie mjane kwamba aliyemkaribisha nyumbani leo katoka chooni?

Lakini Jumatano wasichana watazibeba.

Basi nitaanza hivi: sina mkono wa bahati. Mbegu za marehemu niliziozesha mimi.